Bosi Wangu Alinifuata Mpaka Likizo

Nilitoka jikoni na kikombe cha chai, nikamkuta bosi wangu amelala kwenye kochi la mama yangu. Viatu kavua, mdomo wazi, anakoroma kama pikipiki inayokataa kuwaka.

Usinifikirie vibaya. Tulia nikusimulie.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona makava ya magodoro kwenye kiwanda kidogo chenye bango kubwa getini: PUMZIKA, UNASTAHILI.

Waliostahili ni wateja. Sisi, thubutu!

Bosi wetu tulimbatiza jina la Baadaye. Ukiomba likizo ya mwaka hakukatalii. Angekukatalia ungejua moja. Yeye anatabasamu, anakwambia, "Likizo yako ipo, dada yangu. Baadaye."

Shule zikikaribia kufunguliwa, kuna magodoro ya wanafunzi. Shule zikifunguliwa, kuna hospitali. Hospitali zikitosheka, kuna maharusi. Maharusi wakiisha, bosi mwenyewe ameota kava jipya lenye maua.

Mkata sponji wetu, jamaa mmoja wa maneno, aliomba likizo ili aoe. Akaambiwa baadaye. Akaoa Jumapili, Jumatatu asubuhi yuko kwenye mashine na suruali ya suti.

"Bibi harusi yuko wapi?" tukamuuliza.

"Amelala," akajibu bila kuinua macho. "Angalau mmoja wetu yuko fungate."

Mimi nilivumilia mpaka likaja suala la jicho la mama.

Jicho lake la kushoto lilishakufa zamani. La kulia, ndilo hilo lililobaki, likaingiwa na mtoto wa jicho. Akawa analisalimia kabati akidhani ni jirani. Tukicheka anacheka na yeye, lakini nikimwona anapapasa ukuta kutafuta mlango, roho inanichanika.

Daktari akapanga siku ya upasuaji. Alitakiwa mtu wa kukaa naye, kumtilia dawa, kumzuia asiinamie jiko. Na mama mtoto wake ni mimi tu.

Nikaingia ofisini.

"Bosi, mama anafanyiwa upasuaji wa jicho. Naomba likizo yangu."

"Ooh, pole sana. Jicho gani?"

"La kulia."

"Si ana la kushoto?"

"La kushoto halioni, bosi."

Akakuna kidevu. Nikajua kaguswa.

"Basi mwambie avute subira. Mwezi huu tuna oda ya hoteli."

Jamani. Kitu kikakatika ndani yangu, paap, kama uzi wa cherehani.

"Bosi, sikuja kuomba. Nimekuja kuaga. Likizo ni haki yangu, na ofisi ya kazi wana habari. Ukitaka kunifukuza, nifukuze. Ila utanifukuza nikiwa kwa mama."

Kusikia ofisi ya kazi akanywea kama puto.

"Hakuna aliyesema kufukuza," akasema kwa upole. "Kwenu ni wapi hasa?"

Nikadhani anataka kutuma salamu za pole. Nikamwelekeza mpaka rangi ya mlango. Ujinga wangu huo.

Upasuaji ukafanyika. Mama akarudi nyumbani na bandeji, haoni chochote mpaka ifunguliwe kesho yake. Nimemketisha vizuri, nasikia hodi.

Nafungua. Bosi! Kwapani kabana furushi la vitambaa.

"Nimekuja kumjulia hali mama," akasema, huku macho yanazunguka kila kona. Alikuwa na hakika nimemdanganya, kwamba niko kwa mshindani wake nashonea magodoro ya watu wengine.

"Na hivi vitambaa?"

"Aaa, hivi... nimeona ukikaa bure mikono inaweza kusahau."

Nikampisha aingie.

"Nani huyo?" mama akauliza.

"Bosi wangu, mama."

"Karibu, mwanangu. Mbona unahema kama umefukuzwa?"

"Ni kazi tu, mama."

"Basi weka mgongo hapo kwenye kochi. Chai inakuja."

"Nakaa kidogo tu. Nina simu za kupiga."

Ndipo nikaenda jikoni, na kilichofuata unakijua.

Simu yake ikaanza kulia. Ikalia, ikalia tena. Yeye wala.

"Izime," mama akasema.

"Mama, huyu ni bosi!"

"Hapa kwangu ni mgeni. Izime."

Nikaizima. Maisha yangu yote sijawahi kubonyeza kitu kitamu kama kile.

Jua likazama, kalala. Asubuhi nikamshika mama mkono kwenda hospitali, tukamwacha palepale, kageukia upande wa pili.

Daktari akabandua bandeji taratibu. Mama akapepesa jicho. Akaangalia dirisha, akamwangalia daktari, kisha mimi. Akanigusa shavu.

"Umekonda," akasema.

Nililia mbele za watu, sikujali.

Tuliporudi, bosi alikuwa ndiyo anazinduka. "Saa ngapi? Simu yangu! Oda ya hoteli!"

Mama akasimama mbele yake, akamkagua na jicho lake jipya.

"Kumbe kijana! Kwa ile sauti nilidhani mzee mwenzangu. Nani anakutesa hivi, mwanangu?"

Bosi akainamia soksi zake.

"Mimi mwenyewe, mama."

Akapiga simu kiwandani. Akapokea mkata sponji.

"Oda ya hoteli? Ilishaondoka, bosi. Tumemaliza mapema, hakukuwa na vikao vyako."

Bosi akakaa chini kama gunia.

Nikajua sasa ataondoka. Weee! Akaomba shuka la kubadilisha. Akabaki.

Akawa analala mpaka anachoka kulala. Akiamka anakaa barazani kajifunga shuka, anawapungia mkono wapita njia. Majirani wakaanza kuniuliza mkwe amekuja lini. Mimi nalala kwenye mkeka chumbani kwa mama, alfajiri nachota maji ya bosi, nachemsha chai ya bosi, nafua soksi za bosi.

"Kumbe likizo ni tamu hivi!" akaniambia siku moja, anatafuna karanga. "Mbona hamkuwahi kuniambia?"

Nikaikunja soksi yake polepole, nikamwomba Mungu anishike mikono.

Likizo yangu ikaisha, tukarudi pamoja kwenye gari lake. Yeye anapiga mluzi, mimi mgongo umekufa ganzi.

Alipofika tu, akaita kikao. "Nimekosea sana, ndugu zangu. Kuanzia leo kila mtu ataenda likizo. Ni lazima!"

Shangwe! Watu walirusha sponji juu. Mkata sponji akanyoosha mkono wa kwanza.

Bosi akamsogelea, akamshika bega kwa mapenzi.

"Vizuri sana. Tunaondoka lini? Kwenu kuna kochi?"

Shangwe ikakatika kama umeme.

Tangu siku hiyo, kiwanda kizima hakuna aliyetaka likizo. Fundi wa kupaka gundi akasema kwao kumebomolewa. Dereva, mwenye ukoo wa kujaza uwanja, akajitangaza yatima. Mlinzi akaapa kwamba alizaliwa palepale getini.

"Wewe ndiye uliyemzoesha," wakaniambia. "Kamwambie."

Nikaenda ofisini kwake.

"Bosi, likizo ni mtu kupumzika mbali na kazi. Na kazi yetu, samahani sana, ndiyo wewe."

Akafunga daftari la oda, nami nikaanza kufikiria pa kuomba ajira.

"Sasa mimi nitapumzikia wapi?" akauliza, sauti ndogo.

"Nyumbani kwako, bosi. Una mke."

Akanitazama kama nimemtajia nchi ya kigeni. Kisha akachukua funguo za gari, akaenda. Mkata sponji akaondoka jioni ileile, na mke wake, bila kumwambia mtu anakoelekea.

Wiki haikuisha, simu ya ofisini ikalia. Ni mke wa bosi.

"Jamani, mume wangu amehamisha makabati yote, sasa ananipangia ratiba ya kupika. Nawaomba, mpeni hata kazi ya kufagia!"

Sasa nisikilize wewe unayesoma hii kwa kujificha, chini ya meza ya mtu. Likizo haitegemei bosi ameamka vipi. Ni yako. Idai kwa heshima, lakini idai. Ukifa leo, kiwanda kitatangaza nafasi yako kesho asubuhi. Mama yako hana pa kutangaza.

Inuka hapo ulipo, ukaage.