Mwiko Usiowekwa Chini

Kila alipopewa maji, Mama Ibironke alichovya kwanza ncha ya kidole, akaigusisha kwenye ulimi na kutulia kidogo, kama mtu anayesikiliza hatua mlangoni. Ndipo akanywa. Alifanya hivyo kwa maji ya kisima na ya mvua, hata kwa maji ya chupa niliyomnunulia siku tulipompeleka kupima macho Ibadan.

“Mama, haya ni ya dukani,” nilimwambia.

“Na dukani hakuna majivu?”

Alikuwa mama mkwe wangu. Mji mzima wa Ikire ulimwita Mama Sabuni, kwa sababu sabuni nyeusi ya nyumba ya Ajagbe ilitoka mikononi mwake. Alichoma maganda ya kakao na ya ndizi mzuzu mpaka yakawa majivu mepesi ya kijivu, akayashindilia kwenye chungu chenye matundu chini, akamwagia maji na kungoja. Maji yalidondoka polepole, ya rangi ya chai iliyokolea. Hapo ndipo ulimi ulipofanya kazi. Maji ya majivu yasiyouma hayashiki mafuta, na yanayouma kupita kiasi yatamchubua mtoto. Yanayofaa huuma mara moja, kisha huachia. Mama alijua kuachia huko kwa ncha ya ulimi, na baada ya miaka mingi kidole kilikwenda ulimini chenyewe, hata kwa supu, hata kwa machozi ya wajukuu zake.

Mimi nililetwa hapo nikiwa na miaka ishirini na sita, mwalimu wa shule ya msingi, mke wa mwanawe wa pili, Lekan. Katika wiki ya kwanza Mama mwenyewe alinisimulia jinsi alivyoupata mwiko. Alinisimulia kwa sauti ya chini, huku akikoroga, wala hakunitazama.

Alikuwa binti wa wafinyanzi wa Ipetumodu, mwenye umri wa miaka kumi na tisa. Siku ya tano baada ya harusi mama mkwe wake alikuwa mbele ya chungu kinachochemka, mafuta ya viini vya mawese yameshamiminwa, povu linapanda. Mama mkwe akasema, “Mke wetu, nishikie kidogo nifunge nguo vizuri.” Msichana akaushika mwiko. Wanawake wote uani wakapiga vigelegele. Alidhani wanamsifu kwa nguvu za mikono. Mama mkwe alifunga nguo yake, akanawa, akaketi kwenye mkeka, na hakuugusa tena mwiko mpaka alipokufa.

Ndivyo ilivyokuwa katika nyumba ile. Mwiko wa sabuni hauwekwi chini. Chungu kikipoa unatundikwa kwenye ndoano juu ya meko, na chungu kikiwa kinachemka hutoka mkononi kwenda mkononi, kwa mke wa nyumba tu. Binti wa nyumba haushiki, maana ataupeleka kwa mumewe. Aliyeupokea juu ya moto ndiye mwenyewe, na mwenye mwiko halali nje ya ua, kwa kuwa majivu hutazamwa jioni na alfajiri. Zamani, kabla Mama hajazaliwa, chungu kilipoa kiangazi kizima, na watoto wachanga watatu wa nyumba wakazikwa mwaka huohuo. Hakuna aliyelisema jambo hili kwa kutisha. Walilisema kama unavyomwambia mgeni kwamba ngazi ya tatu imevunjika.

Ipetumodu haifiki mwendo wa saa moja kwa gari. Mama yake mzazi alipofariki, alikwenda asubuhi kuzika na kurudi kabla jua halijazama, udongo wa kwao ungali miguuni. Hakukaa matanga.

Baada ya kusikia hayo, kila nilipopita karibu naye akiwa kwenye chungu, niliweka mikono nyuma. Alikuja kuona.

“Mwalimu, mikono inakuuma?”

“Hapana, Mama.”

“Basi iache hukohuko.”

Na akaendelea kukoroga. Nilimpenda tangu siku hiyo, nikamwonea haya vilevile.

Mwaka wangu wa saba katika nyumba ile sabuni yake ilianza kumwasi. Chungu kimoja kilikataa kushikana, kikabaki uji wenye mafuta juu. Kilichofuata kilishikana vizuri sana, lakini mtoto wa jirani alioshwa kwa sabuni yake akatoka shingo nyekundu. Mama alisema majivu yalinyeshewa. Mvua haikuwa imenyesha kwa wiki tatu.

Kesho yake nilimkuta peke yake kwenye chungu cha matundu. Kidole kilienda ulimini, kikarudi kwenye maji, kikaenda tena. Mara tano. Aliponiona alinyoosha bakuli.

“Nionjee.”

Nilionja. Ilikuwa kama kucha ya paka. Niliruka nyuma nikitema.

“Yanauma?”

“Mama, yanaunguza!”

Alitikisa kichwa taratibu. “Mimi nasikia maji tu,” akasema. “Tangu mwaka jana nasikia maji tu. Hata chumvi ya mboga siisikii. Usimwambie mtu.”

Sikumwambia mtu. Kila alfajiri, kabla sijaenda shule, nilipita kwenye chungu cha matundu kana kwamba naenda kuchota maji, nikaonja, nikamwambia: ongeza, punguza, yameachia. Sabuni ikarudi kuwa ileile, nyeusi yenye wekundu kwa ndani, laini kama udongo wa mto. Watu wakasema Mama Sabuni hazeeki. Naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Nilikuwa nimeweka mikono nyuma kwa miaka saba, kumbe ulimi nilikuwa nimeshautoa.

Ndipo akaja Asabi, mdogo wake, ameketi juu ya lori la vyungu kama malkia juu ya mizigo yake. Alikuwa mjane, mfinyanzi, mwenye sauti ya kuita ng’ambo ya soko. Aliingia uani hata hajafuta vumbi.

“Nimekujia, dada. Nimekujengea chumba. Dirisha linatazama tanuru langu, utakuwa unanichungulia na kunikosoa kama zamani. Fungasha!”

Wote tuliangalia upande alikokaa Wuraola. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba mkwe, shangazi wa mume wangu. Alikuwa na miaka sita tu Mama alipoletwa kama bibi harusi, lakini kwa kuwa alimtangulia kuwamo katika nyumba ile, Mama alimwita “mume wangu” na kumpigia magoti kila asubuhi ya maisha yake, hata magoti yalipoanza kulia kama mlango.

“Karibu, Mama Vyungu,” Wuraola akasema. “Umekuja kumwiba mke wetu mchana?”

“Mmemla nyama miaka arobaini na minne, nimekuja kuomba mifupa.”

Watu walicheka, hata Wuraola. Kisha akakuna goti lake.

“Nani amemfunga kamba? Aende. Mimi nitamchinjia kuku wa safari. Lakini auache mwiko mkononi mwa mtu.” Akageuka kwangu. “Wake wa nyumba hii mmoja yuko Cotonou, mmoja Lagos anauza simu. Aliyebaki ni huyu wa chaki.”

Nilihisi mikono yangu ikienda nyuma yenyewe.

“Mwalimu hana ulimi,” Mama akasema upesi. “Nimemjaribu.”

“Mjaribu tena. Mbele yetu.”

Mama aliinuka. Alikinga matone ya kwanza ya majivu mapya, makali, kwenye bakuli moja. Kwenye la pili aliweka maji yaliyopitishwa mara ya tatu, ambayo hata kondoo angekunywa. Hakuhitaji ulimi kuyajua, aliyakinga mwenyewe. Akaniwekea mabakuli yote mawili mbele.

“Lipi la kupika, mke wetu?” Wuraola akauliza.

Nimeyafikiria yale mabakuli mawili kwa miaka mingi. Lekan alikuwa ameshapata kazi Abeokuta, na barua yangu ya uhamisho wa shule ilikuwa kwenye sanduku chini ya kitanda. Mama alilijua hilo. Asabi alikuwa ameketi kwenye ncha ya benchi, mikono magotini, anatazama kinywa changu kama mtu anayengoja hukumu. Nilichovya katika la kwanza. Liliniuma hadi kwenye mzizi wa sikio, na uso wangu sikuukunja. Nilichovya katika la pili: maji. Nikainua macho. Mama alikuwa ananitazama, na usoni pake hapakuwa na ombi lolote. Kama angeomba, kwa kope tu, nadhani ningesema kweli. Najiambia hivyo.

“La pili,” nikasema.

“Eeh!” Wuraola akapiga makofi ya kukata tamaa. “Huyu atatuogesha kwa supu!”

Watu wakaangua kicheko. Mama akacheka pamoja nao. “Si niliwaambia? Amesoma mpaka ulimi umeisha.”

Asabi hakucheka. Alikula amala, ugali wa unga wa viazi vikuu, na mlenda alioandaliwa, akafunga kipande cha sabuni alichopewa, akapanda lori. Alipokuwa juu alisema, “Chumba nitakiacha wazi, dada. Nitakuwa naanikia vyungu humo mpaka uje.”

Usiku ule Mama alitundika mwiko kwenye ndoano, akaenda kulala. Asubuhi nilipita kwenye majivu kama kawaida, nikaonja, nikamwambia, “Yameachia.” Akaitika. Tuliendelea hivyo kwa wiki sita, na lile la bakuli halikutajwa. Nilipomwona akikoroga, bega la kulia limeshuka kuliko la kushoto kwa miaka ya kazi, nilikuwa nahesabu: mimi nina shule, nina Abeokuta, nina barua. Yeye alikuwa na dirisha moja, na nililifunga kwa maneno mawili.

Alikufa miezi minane baada ya sisi kuhama. Wuraola alinipigia simu, analia kama mtoto aliyefiwa na mama yake, maana kwa namna fulani ndivyo ilivyokuwa. Mama ndiye aliyemwogesha tangu akiwa na miaka sita. Alisema walimkuta ameketi jikoni, moto umezimika, mwiko uko mahali pake kwenye ndoano. Hakuna aliyeupokea, na hakuna anayethubutu kuushusha. Bado uko pale, umeshika utando wa buibui. Tangu wakati huo wamezaliwa watoto wanne katika nyumba ile, wanaoshwa kwa sabuni ya dukani, na wote wanakimbia uani wakiwa wazima. Ninapowaona sijui nifurahi au nifanye nini.

Alizikwa uani, kama wake wa nyumba wanavyozikwa. Kutoka jikoni ni hatua kumi na mbili. Asabi alileta chungu kipya, akakiweka juu ya kaburi, akaondoka hajanywa hata maji.

Lakini mara ya mwisho niliyomwona Mama ni asubuhi tuliyohama. Lekan alikuwa anapanga mizigo kwenye gari, Wuraola anamkemea kwa kuvunja sahani. Nilikwenda jikoni kuaga. Chungu kilikuwa kinachemka, kimefika pale pagumu ambapo sabuni inakuwa nzito na ukiacha kukoroga inaungua chini. Nilipiga magoti. Alinibariki kwa maneno ya wazee wao, ya safari na ya mimba, na muda wote mkono wake ulizunguka.

Nilipoinuka nilimwona karibu. Jasho lilikuwa limemwingia machoni na hakuwa na mkono wa kulifuta. Na pale, bila kupanga, nilifanya kile nilichokiogopa kwa miaka saba. Mkono wangu ulitoka nyuma. Niliunyoosha kwenye mwiko, juu kidogo ya vidole vyake, nikasema, “Mama, nipe. Nikushikie. Asabi anaanika vyungu chumbani kwako.”

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliacha kukoroga. Sabuni ilitoa pumzi nzito chini ya chungu. Alitazama mkono wangu kwa muda mrefu, kisha akatazama mlangoni, kule ambako gari lilikuwa linangurumishwa, kisha mkono wangu tena. Niliona kidole chake cha kushoto kikiinuka, kikagusa jasho lililokuwa shavuni, kikaenda ulimini. Akatulia. Sijui kama alisikia chumvi.

Halafu akanisukuma kifundo cha mkono kwa kiwiko, polepole, kama unavyomwondoa mtoto kwenye meko.

“Ondoa mkono, mwanangu,” akasema. “Haya bado yanauma.”