Penseli Nyekundu na Nyumba ya Mama Tumpe

Wakuu wa bweni, nanyi mnaosoma huku mnatafuna, heshima zenu.

Karatasi hii naibandika mlangoni pa bwalo kama kawaida yetu: mimi nasema, ninyi mnajibu chini. Ile hadithi yangu ya chui wa Idodi ilikuwa uongo, nakiri. Hii mkiikuta na uongo, nivueni viatu. (Viatu sina, lakini mmenielewa.)

Holiday iliyopita nilikuwa Mbeya kwa mjomba. Yeye ni karani mkuu wa ofisi moja ya sheria za mji, mtu wa tai hata Jumapili. Akaniombea kibarua cha kupanga mafaili, kwa kuwa Kiingereza nakisoma.

Ofisi ile, wakuu, watu hawasemi. Yanayosema ni mafaili.

Raia analeta barua, mjomba anaitia kwenye faili, faili linaingia kwa mzungu wa sheria, linatoka na maneno mawili ya penseli nyekundu. Penseli hiyo ni ya mzungu peke yake. Ikisema jibu, mjomba anajibu. Ikisema P.A., shauri limekwisha, faili linakwenda kabatini, na kabati lile ni kaburi.

Hakuna anayeuliza. Hata ingesema faili liliwe, mjomba angeagiza chumvi.

Kwenye benchi la nje alikuwa anakaa Mama Tumpe, mjane, jirani yetu. Nyumba yake ya nyasi, na mji ulishatoa amri: bati tu, asiyeezeka mpaka mwisho wa mwezi anabomolewa. Aliandika kuomba miezi miwili, mwanawe arudi na bati kutoka machimbo ya Makongolosi.

Kila asubuhi: "Mwanangu, yangu imesomwa?"

"Mzungu ameanza, mama. Kasoma salamu, kachoka, anakunywa chai."

Alicheka akishika mbavu, akanimegea kiazi. "Ndaga, asante mwanangu. Wewe utakuwa jaji."

Basi siku moja mzungu katoka, penseli iko mezani. Nikatamani kumwona mjomba akihangaika. Nikachukua faili la juu kwenye trei, hata jina sikusoma, nikaandika P.A. kubwa, na mikia yake kama ya mzungu. Nilijua atashtuka, ataniuliza, nitacheka.

Mjomba alitazama, akalipeleka kabatini. Hakupepesa jicho.

Nilicheka peke yangu mpaka machozi. Nikasema nitalitoa kesho. Kesho yake kulikuwa na mpira.

Mwisho wa mwezi vibarua wa mji walifika kwa Mama Tumpe na kamba na majembe.

"Ngojeni, jamani! Barua yangu haijajibiwa!"

"Mama, shauri lako limekwisha," alisema msimamizi wao. "Ofisi ndiyo imesema."

Nilikimbia mpaka kabatini. Mnajua nilichokuta. Jina lake, na juu yake mikia yangu.

"Mjomba, P.A. hii niliandika mimi."

Alitazama mlango. "Funga."

Akatoa raba kwenye droo, akasugua polepole, akapuliza vumbi. Likabaki doa la rangi ya ufizi.

"Nani kaandika?"

"Mimi, mjomba."

"Hakuna aliyeandika. Na wewe kesho unapanda basi la Iringa."

Nilipita kuaga. Mama Tumpe alikuwa amekaa juu ya kitanda chake, uwanjani, manyunyu yanamwangukia, sufuria tatu miguuni.

"Mwanangu, hivi ilisomwa kweli?"

Mimi, mchekeshaji wenu, nikakosa mzaha.

"Ilisomwa, mama."

"Ndaga," akasema. "Bora ilisomwa."

Wakuu, nilikwenda kumcheka mjomba kwa kutii penseli. Sasa najua: mahali pasipoulizwa swali, mpumbavu yeyote akiokota penseli ni serikali. Mpumbavu huyo analala kitanda cha tatu kutoka dirishani.

Nimeanza barua kwa yule mzungu. Nikiituma, mjomba anapoteza kazi, na ada yangu ndiye analipa. Nisipoituma, Mama Tumpe ataendelea kuamini kwamba mtu alisoma akakataa.

Chini nimewaachia nafasi. Niambieni. Ila msiandike kwa penseli.