Daraja Nililolichora Kuanzia Juu

Mwanangu, ipo siku moja ninayoikumbuka hata ukiniamsha usingizini: ile Alhamisi niliyomwambia Mama Ndahani kwamba daraja la Mlali limefika asilimia tisini.

Mama Ndahani alikuwa mhandisi mkuu wa ofisi yetu ndogo ya usanifu hapa Dodoma. Mimi nilikuwa kijana wa Nkuhungu, nimesoma masomo ya jioni mpaka nikapata cheti, na cheti chenyewe nilikitembeza mtaani kama kombe la dunia. Nadhani hata mbuzi wa majirani walikwishakisoma. Kazi ya kwanza niliyokabidhiwa peke yangu ilikuwa hiyo: daraja la waenda kwa miguu juu ya korongo kule Mlali, wilayani Kongwa. Kiangazi korongo lile ni mchanga mtupu. Mvua zikianza linajaa, na watoto wa ng'ambo hawaendi shule. Michoro ilitakiwa kwa mkandarasi Ijumaa, ili zege limwagwe na kukomaa kabla ya mvua. Tukichelewa, watoto wangekaa nyumbani msimu mwingine mzima.

"Tisini!" Mama Ndahani akavuta kiti. "Hebu nione, baba."

Nikafungua kompyuta kwa mbwembwe. Nilikuwa nimechora vyuma vya kushikia pembeni, mwanangu, vyuma ambavyo malaika wangeomba kuviegemea. Kila boliti, kila kona. Vilikula wiki zangu tatu, maana vilikuwa vitamu kuchora. Mama akasifu kidogo, akashuka taratibu kwenye mchoro, akafika pale daraja linapokutana na ardhi. Pale palikuwa peupe.

"Na msingi?"

"Ndiyo hiyo kumi iliyobaki, mama."

"Udongo ulipimwa lini?"

Nikajikuna kichwa. "Nilitaka leo nikuombe gari tukachimbe mashimo."

"Leo! Udongo uende maabara, majibu yarudi, ndipo ujue msingi ushuke kiasi gani. Na Ijumaa ni kesho." Akavua miwani. "Baba, umenichorea tiara. Nitafute na uzi wa kuifungia?"

Ofisi nzima ikacheka. Nikaanza kumwaga ahadi: Jumatatu, mama, haki ya Mungu Jumatatu. Akaninyamazisha kwa kidole kimoja.

"Usinipe tarehe ya kunifurahisha. Mpigie mkandarasi sasa hivi, mwambie ukweli. Kisha twende Mlali, ukawaambie wenye korongo lao."

Simu ile ilikuwa nzito kuliko mfuko wa saruji. Lakini mkandarasi hakunitukana. Alisema afadhali amejua leo. Basi watu wake wataanza kusomba mawe na kokoto badala ya kukaa kunisubiri.

Mlali tulimkuta Mzee Mchiwa, mwenyekiti wa kamati ya daraja, shambani kwake juani. Alikuwa anaberega, yaani anaparua ardhi kavu kwa jembe ili mvua ikija apande tu.

"Mbukwenyi!" akatusalimu kwa Kigogo.

Nikampa shikamoo yake, nikamweleza yote, hata vile vyuma.

"Kwa hiyo ulianza na mapambo," akasema.

"Ndiyo, babu."

"Sasa tazama. Mvua sijaiona, lakini nimeshaihesabia. Naiweka pale mbele, halafu narudi nyuma: kupanda, mbegu, kuberega, mpaka nafika leo. Ndiyo maana unanikuta na jembe jua hili. Wewe ulihesabu kuanzia wapi?"

"Kuanzia panaponipendeza."

Akacheka mpaka akauegemea mpini. Kisha akaita majirani, mashimo yakachimbwa mchana uleule. Na pale pale, juu ya boneti ya gari, Mama Ndahani akanipa karatasi. "Andika mvua. Rudi nyuma." Nikarudi: zege kukomaa, kumwaga, kuchimba, majibu ya maabara, hata siku mbili za yeye kukagua kazi yangu, ambazo sikuwahi kuzikumbuka. Tukaona njia moja nyembamba: majibu yakitoka tu, michoro ya msingi iende kwanza, mingine ifuate.

Ikawa hivyo. Mvua ilipokuja, korongo lilinguruma utadhani bahari imehamia Kongwa, na zege lilikuwa limeshakomaa. Nilisimama pale nimelowa chapachapa, nikiwatazama watoto wanavuka na madaftari chini ya mashati. Mzee Mchiwa akavipiga vyuma vyangu kwa kiganja. "Hata mapambo yamefaa, mhandisi." Mhandisi! Tangu siku hiyo kichwa changu hakijaenea kwenye kofia yoyote.

Basi wewe unayechora leo pale Mtumba, mwanangu, nisikilize. Anza na kile ambacho kila kitu kinakisubiri, hata kama hakina raha kuchora. Hesabu kutoka siku ya mwisho kurudi ulipo, na siku za wenzako uzihesabu pia. Ukiona utachelewa, sema mapema. Aliyeambiwa mapema ana la kufanya, anayeambiwa siku yenyewe ana hasira tu. Na asilimia tisini usiitamke mbele yangu kabla sijauona msingi.

Mungu akupe mkono mwepesi na ulimi mkweli. Kila ulichochora kisimame, na kila mvua ikukute umemaliza, umekaa pembeni, unatazama watu wanavuka.