Jani la Wageni

Twa. Twa-twa. Kimya. Twa.

Sauti ya mchi ilitufikia kabla nyumba haijatokeza nyuma ya ua wa minyaa. Mtafiti alisimama, akaniuliza kwa Kifaransa kule wanatwanga nini.

"Labda sombe, majani ya muhogo," nikajibu.

Haikuwa sombe, nami nilijua. Mapigo mawili, kisha kimya kifupi cha kugeuza majani kwa kidole: sauti hiyo ndiyo iliyoniamsha kila asubuhi ya utoto wangu. Aliyekuwa akitwanga ni shangazi yangu, niliyemwita Tantine tangu nianze kusema. Alinilea baada ya mama kufariki. Hapa Kamembe watu walimletea magoti yaliyovimba, vifundo vilivyowaka moto, vidole vilivyokataa kukunjika. Asubuhi walimwita mganga. Jioni, watoto wao waliniita mimi mutoto wa mulozi, mtoto wa mchawi, na wengine walinitemea mate njiani kwenda shule.

Mtafiti huyo alikuwa Mkameruni, mwanamke mpole wa maabara ya chuo kikuu. Alitafuta viini vya kushusha uvimbe ndani ya majani ya kienyeji. Jani hukaushwa, huchujwa kwa alkoholi, maji yake hupewa panya aliyevimbishwa unyayo makusudi, kisha unyayo unapimwa. Hakujua Kiswahili wala Kinyarwanda, akanichukua niwe mkalimani wake. Siku hizo nilikuwa nimesoma hadithi yangu ya kwanza mbele ya vijana wa fasihi kule Bukavu, wakanipigia makofi, na bado nilitembea kama mtu anayepigiwa makofi. Aliponiuliza kama kwetu kuna mtu wa dawa, nilisema hapana, kwetu ni walimu watupu. Wiki moja baadaye alinionyesha orodha ya waganga aliyopewa, na jina la kwanza lilikuwa la Tantine.

Mlango ulikuwa wazi. Mchana haukufungwa kamwe, kwa sababu mgonjwa, alisema Tantine, asipige hodi. Kwenye benchi alikaa mzee mmoja wa mashamba ya mpunga ya Bugarama, suruali imekunjwa, goti limevimba. Ukutani, juu ya kichwa chake, niliona msumari mpya. Niliuelewa mara moja. Waliotoa jina la Tantine walikuwa wamemwambia kwamba jani likifaulu kule maabara, ataandikiwa barua yenye muhuri. Angeitundika pale, na neno mulozi lingeishia mlangoni.

Alinitazama, akatabasamu, akafungua mikono. Nami nikawahi kusema:

"Salama, Maman. Nimeleta mugeni."

Maman, kama ninavyomwita muuza nyanya yeyote. Mikono yake ikashuka.

"Salama, papa," akasema polepole, kama kwa mpita njia yeyote. "Karibuni. Na weye, uko wa nyumba gani?"

"Niko wa huku huku Kamembe."

Mzee akacheka. "Maman, uyu kijana mulimuzaa mukamusahau? Angalia pua! Ni ya kwako kabisa, kama walikata kipande wakamubandika."

"Mapua iko mingi Kamembe, mzee," akasema Tantine. "Nyoosha muguu."

Hapa lazima nieleze jambo ambalo mtafiti hakulijua. Dawa ya Tantine ilikuwa na majani mawili. Moja ndilo lililofanya kazi; tulilichuma wawili tu, kwenye miteremko ya Mururu, umande haujakauka. La pili lilikuwa gugu la kando ya njia, lenye harufu kali, la kufunika harufu ya lile la kwanza ili jirani asilitambue. Alinifundisha nikiwa na miaka tisa: mutu wa inje akiomba jani, unamupa la kufunika. La kweli unaonyesha mutu wa nyumba yako tu. Ndivyo mama yake alivyomwambia, na hakuwahi kuvunja agizo hilo.

Mtafiti aliomba mmea mzima, wenye maua na mizizi. Nikatafsiri. Tantine akaenda hadi mlango wa uani, akageuka.

"Nakuuliza tena, papa. Nyumba gani?"

"Mbali kidogo, Maman."

Alirudi na gugu la kando ya njia. Mtafiti alilipokea kwa mikono miwili, akalilaza katikati ya magazeti kama mtoto mchanga. Nikamshikia magazeti. Kusema kwamba lile ni gugu kungekuwa kueleza nimelijuaje.

Baada ya miezi kadhaa, mtafiti alirudi kutoa majibu mwenyewe, kwa heshima. Mzee wa Bugarama alikuwepo, sasa anatembea bila fimbo. Kwenye ule msumari kulikuwa kumetundikwa chujio.

"Mwambie nasikitika," akasema mtafiti. "Panya waliopewa jani lake walibaki na uvimbe sawa na wale waliopewa maji matupu."

Nikatafsiri. Niliisikia sauti yangu ikitoka safi, bila kukwama, sauti ya mkalimani mzuri.

"Maji?" mzee akaruka. "Na hii goti yangu ilipona na maji? Mwambie aje ashike!"

"Wacha, mzee," akasema Tantine.

Mtafiti alifungua daftari. Aliuliza, karibu kwa kuomba, kama hakuna jani lingine, hata moja, ambalo labda lilisahaulika. Tantine hakumtazama. Alinitazama mimi.

"Aulize mukalimani wake," akasema. "Yeye anajua kama iko lingine."

"Anasemaje?" mtafiti akaniuliza.

Sentensi moja ingetosha. Huyu ni shangazi yangu, na jani liko Mururu. Nimeandika kurasa nyingi tangu siku hiyo, na hakuna sentensi niliyoitafuta kwa bidii kuliko ile niliyokuwa nayo mdomoni tayari.

"Anasema hakuna lingine," nikajibu.

Mtafiti akapiga mstari juu ya jina la Tantine, taratibu, kwa rula. Akashukuru, akatoka na kuelekea garini. Mimi nikabaki hatua moja nyuma.

"Tantine," nikaita, kwa sauti ndogo.

"Mugeni wako anakungojea, papa."

Nikavuka kizingiti. Jua lilikuwa bado juu ya ziwa. Nyuma yangu mlango ukasukumwa, na komeo likaingia mahali pake.