Matundu ya Misumari ya Baba

Delmer Stenerud hakuwa mtu wa makumbusho. Maisha yake yote alichunga ng'ombe wa watu huko Montana, na kofia yake hata mezani haivui. Lakini siku aliposikia picha za Eben Colter kule makumbusho zimesafishwa zote, zinang'aa kama mpya, kahawa ilimshinda kunywa. Akawasha pikapu, akampitia dada yake, Ardis.

"Sasa picha kung'aa ndiyo msiba?" Ardis akamuuliza njiani.

"Wakiwa wameyaziba yale matundu, basi tena."

Ardis anajua. Huyo Colter alikuwa mchoraji wa zamani, kazi yake kuwachora wachunga ng'ombe na farasi zao. Picha moja alimpa babu yao, kumshukuru kwa sahani ya maharage. Ikawekwa stoo huko, ikasahaulika.

Sasa ule mwaka wa kuzaliwa Ardis, theluji ilianguka mpaka mlango wa kibanda ukawa haufunguki. Upepo ukavunja dirisha, na mama yuko kwenye uchungu. Baba akaivuta picha stoo, akaipigilia dirishani, msumari kila pembe: pa! pa! pa! pa! Delmer, bado kadogo, ndiye aliyemshikia taa. Upepo ukakoma kuingia, mtoto akazaliwa salama.

"Kwa hiyo wa kwanza kuniona," Ardis hupenda kusema, "ni wanaume kumi na wawili juu ya farasi."

Theluji ilipoyeyuka tu, farasi akamwangukia baba, baba akafa. Kibanda nacho kikaja kuungua, ikaokolewa picha tu. Kazi ya mkono wa baba iliyobaki duniani ni matundu manne kwenye picha, na picha yenyewe mama uzeeni aliwapa makumbusho.

Kufika mlango wa ukumbi, Delmer akagoma.

"Tangulia wewe, dada."

"Fahali unamkamata pembe, picha unaikimbia? Haya."

Akaingia. Delmer akabaki anatazama tandiko la farasi kwenye kabati la kioo, halioni.

"Delmer! Njoo, mwoga we!"

Theluji ya pichani ilikuwa imetakata, moshi wa jiko lao umetoka wote. Lakini kwenye pembe, matundu yako palepale. Yote manne.

"Mzee, usiisogelee sana," binti mlinzi akamwambia.

"Mwanangu, haya matundu, mbona hamkuyaziba?"

"Haturuhusiwi. Bibi aliyetupatia picha hii alitoa sharti moja tu: safisheni mtakavyo, matundu msiguse. Kila anayeanza kazi hapa anaambiwa."

Miaka yote hiyo Delmer alidhani wanaoyakumbuka ni yeye na Ardis tu. Mama hakuwahi hata kuyataja.

Akavua kofia.

"He!" Ardis akasema, machozi yanamtoka huku anacheka. "Kumbe nywele zilishahama!"

"Nyamaza, naongea na wazee." Akaishika kofia kifuani. "Asante, baba. Asante, mama. Na wewe Colter, asante kwa kupenda maharage."