Kibao cha Duka la Mama Mdogo

Nilifika kwa mama mdogo mwezi uleule barabara iliponyamaza. Kabla ya hapo, kila nilipokuja likizo, mbele ya duka lake palijaa watu: waliobeba kuni, waliobeba madumu, waliobeba watoto, wakiteremka kutoka kambi ya wakimbizi kwenda mjini Ngara na kupanda tena kabla giza halijaingia. Kisha kambi ile kubwa ikaondoka. Sina neno jingine. Watu walioufunika mlima mzima waliondoka ndani ya siku chache kurudi kwao, na nilipokuja na sanduku langu la bati, nimemaliza kidato cha nne na kusubiri matokeo, nilikuta udongo mwekundu umejaa alama za nyayo. Mvua ilizifuta kwa muda wa wiki moja. Mimi na mama mdogo tulikaa mlangoni tukaitazama ikizifuta.

Alikuwa mjane wa baba yangu mdogo. Alizaliwa ng'ambo ya mto Ruvubu, akaolewa kijijini hapo Nyamiaga akiwa msichana, miaka mingi kabla yangu, na mumewe alizikwa palepale nyuma ya migomba. Hawakujaliwa mtoto. Baba alinituma akisema, "Kakae naye mpaka matokeo yatoke. Nyumba yenye sauti moja humla mtu."

Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba: sabuni za mche, chumvi, viberiti, mafuta ya taa. Juu ya mlango kulikuwa na kibao cha bati chenye herufi za bluu, zimepindwa mikia kama za daftari la mwalimu: ALIMENTATION. Na kweli ziliandikwa na mwalimu, mkimbizi mmoja aliyelipwa sabuni na sukari. Ni neno la Kifaransa. Ng'ambo, maduka ya vyakula huandikwa hivyo, na mama mdogo alilikumbuka kutoka katika mji mdogo ambako mama yake alikuwa akimtuma chumvi. Watu wa kambini walilisoma kwa mbali, wakageuka kama walioitwa na ndugu. Watu wa kwetu hawakulisoma. Walisema tu "kwa Mrundi", bila ubaya, kama mtu anavyosema "pale kisimani".

Sasa waliokuwa wakigeuka hawakuwepo. Kulikuwa na siku nzima tuliuza kiberiti kimoja. Ukungu ulishuka kutoka mlimani, ukapita mbele ya mlango, ukaenda zake, nao ndio uliokuwa mgeni wetu. Mama mdogo alipangusa mizani, akaipangusa tena.

Kisha likaja neno la kuorodheshwa. Mkutanoni ilisemwa kwamba watu wa ng'ambo wanaoishi vijijini wataandikwa, wapelekwe kwenye kambi zilizobaki. Hakuna aliyemtaja mama mdogo. Lakini tuliporudi nyumbani niliona watu watatu wakiinua macho, kwa pamoja, kukitazama kibao.

Ng'ambo ya barabara, chini ya mabati mawili, alikaa fundi baiskeli aliyekuwa rafiki wa marehemu. Alivuka kesho yake asubuhi, mikono myeusi kwa grisi.

"Shikamoo," nilimwambia.

"Marahaba, binti. Shemeji, hicho kibao chako kinapiga kelele."

"Kelele gani? Mbona wateja hawaisikii?"

"Wateja hawaisikii. Wenye daftari wataisikia. Mtu wa mjini akija na orodha yake ataanzia wapi? Ataanza na aliyejiandika mwenyewe."

Mama mdogo alicheka kidogo. "Basi niandike nini? Duka la Amani?"

"Ya Amani yako manne mjini, na wenyewe hawasalimiani."

"La Upendo."

"Hilo limefungwa kwa ugomvi." Fundi akainama juu ya meza, akashusha sauti. "Andika Duka la Mama Fulani, kama wanawake wenzako. Nani alishawahi kumpakia Mama Fulani kwenye lori? Lori lenyewe litaona haya!"

Alikuwa ameshasema ndipo akayasikia maneno yake mwenyewe. Alichukua kitambaa mfukoni akafuta vidole kimoja kimoja, vidole ambavyo havikuwahi kuwa safi tangu nimfahamu. "Nimeacha gurudumu la watu," alisema, akaondoka.

Kwetu mwanamke akizaa, mtoto wake wa kwanza humpa jina. Mama yangu kule Ntobeye hakuna anayemwita vingine ila kwa jina langu, mimi kifungua mimba wake. Sidhani kama wadogo zangu walijua ana jina la ubatizo. Mama mdogo aliitwa mke wa fulani, baadaye mjane wa fulani. Wateja walimwita "mama" na kuishia hapo, neno likabaki limesimama kwa mguu mmoja.

Tulinunua rangi mjini, kopo la nyeupe na kopo dogo la kijani. Mimi nilikuwa hodari wa kuchora ramani shuleni, kwa hiyo kazi ilikuwa yangu. Nilikishusha kibao, nikakipiga msasa uani, nikapaka nyeupe. Ilipokauka, herufi za bluu zilionekana chini yake kama mishipa chini ya ngozi. Nikapaka tena. Tena zikaonekana, hafifu zaidi.

Nilikuwa nasubiri mkono wa pili wa rangi ukauke ndipo mama mdogo alipotoka na futi ya kushonea. Akachuchumaa, akakipima kibao pasipo kukigusa.

"Ni futi nne," alisema. "Herufi moja inakula kiasi gani?"

"Inchi nne hivi, pamoja na nafasi yake."

Alikunja futi kwenye kidole. Aliikunjua. Akaikunja upya.

"Jina lako lina herufi ngapi?"

Nilielewa alichokuwa akiniomba. Nilimjibu kwa idadi, kama mwanafunzi aliyeulizwa hesabu.

"Litaenea," alisema polepole. "Tena nafasi itabaki."

Kuku walipita katikati yetu. Nikasema kwamba itabidi nimwulize mama.

"Mwulize, mwanangu. Si vizuri kuchukua kitu cha mtu bila kumwuliza."

Nilikwenda Ntobeye siku iliyofuata. Mama alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Tuliposalimiana aliniuliza mbona vidole vyangu vyeupe, nami nikamweleza yote: orodha, kibao, maneno ya fundi, futi ya kushonea. Hakuacha kuchambua.

"Mimi jina hilo nililipata kwa uchungu wa siku mbili," alisema. "Yeye anataka alipate kwa kopo la rangi?"

"Anaogopa, mama."

"Najua anaogopa. Nani hataogopa? Na mimi simchukii. Debe hili la maharage mpelekee. Akija hapa leo atalala kitandani kwangu, mimi nitalala na wadogo zako chini. Lakini watu wakiliita jina hilo sokoni Ngara, nani atageuka, mimi au yeye?" Alitupa changarawe mbali. "Na wewe ukiwa umesimama hapo, utamtazama nani?"

Ningeweza kumwambia kwamba mke wa baba mdogo naye ni mama, kwamba hata salamu nilimpa kama mama. Nikiwa njiani kurudi, debe kichwani, nilitambua jambo ambalo sikumwambia mtu siku ile: katazo la mama lilinipa nafuu. Nilitaka kuondoka Nyamiaga. Kila jioni niliiwaza barua ya matokeo, nikayawaza mabweni, wasichana wenzangu, sauti nyingi. Niliona kwamba jina langu likipigiliwa misumari juu ya mlango ule, na mimi nitakuwa nimepigiliwa pamoja nalo. Atakayezeeka mle ndani atakuwa wangu, na kuni zake zitakuwa zangu, na ukungu wake.

Mama mdogo hakuniuliza mama amesema nini. Aliyapokea maharage kwa mikono miwili, akasema mama yangu ni mtu mwema.

Kesho yake alipokwenda misa niliandika kibao peke yangu, bila kumngoja. DUKA LA REJAREJA, kwa mistari miwili, herufi za kijani. Pembeni nilizungusha majani ya mgomba, moja moja, na yale majani yalinichukua muda mrefu kuliko maneno. Nadhani ndiyo yaliyokuwa msamaha niliokuwa nikiuomba. Chini niliongeza: Karibuni Wote.

Alirudi, akasimama mbele yake bado ameshika rozari. Alisoma kwa midomo, silabi kwa silabi.

"Herufi zimenyooka," alisema. "Una mkono mzuri."

Akaingia ndani. Nilimsikia akipima chumvi, anaimimina kwenye vifuko na kuifunga, ingawa hapakuwa na mtu wa kuinunua.

Fundi ndiye aliyekipandisha. Alipomaliza kupigilia alirudi nyuma hatua tatu.

"La nani?"

"La rejareja," nilijibu.

"Huyo simfahamu," alisema. Ulikuwa utani, lakini alikiangalia kibao bila kutabasamu.

Wenye daftari walifika wiki hiyohiyo, saa sita mchana: balozi wetu wa nyumba kumi, na bwana mmoja kutoka mjini ambaye hatukuwahi kumwona. Kibao hawakukitazama hata kidogo. Balozi alitujua, hakuhitaji kusoma ukutani. Bwana yule aliegemeza daftari juu ya meza ya duka.

"Umezaliwa wapi, mama?"

"Ng'ambo."

"Umeolewa?"

"Nimeolewa hapa, na kufiwa hapa."

"Watoto?"

Mama mdogo alinitazama. Nilikuwa nimesimama kwenye mlango wa ndani, na bwana yule akayafuata macho yake mpaka kwangu.

"Huyu ni wako?"

Neno moja lilitosha. Wala lisingekuwa uongo. Hakuna balozi katika Ngara nzima ambaye angelikanusha. Nilitazama kucha zangu. Zilikuwa bado na rangi ya kijani kwenye pembe.

"Ni mtoto wa shemeji yangu," mama mdogo alisema haraka, kabla ukimya haujawa mrefu. "Amekuja kunitembelea tu. Anasubiri matokeo yake."

Aliniokoa kutoka katika kujibu. Nilimwona fundi akivuka barabara bila kuitwa, spana mkononi.

"Bwana mkubwa," alisema, "mimi nilisimamia ndoa ya hawa. Kitabu kipo kanisani, na kaburi lipo hapo nyuma. Twende ukayaone yote mawili, kisha uandike unalotaka."

Balozi aliitikia kwa kichwa. Bwana yule aliandika mstari mmoja, akageuza ukurasa, wakaenda nyumba nyingine. Siku chache baadaye lori lilipita mbele ya duka, halikusimama.

Nilidhani sasa tutacheka, tutapika kuku. Mama mdogo alipika kweli, akanipa paja. Lakini tangu siku ile hakuniita tena mwanangu. "Mwanafunzi, maji yamechemka." "Mwanafunzi, umelala vizuri?" Alisema kwa upole uleule, kama mtu anayemtunza mgeni wa heshima. Nilikuwa nimeamini kwamba alichokitaka kwenye kibao kile kilikuwa kinga ya lori. Sasa hatari ilikuwa imepita, na upungufu ulikuwa bado umekaa nasi mezani. Wiki zile zilikuwa ndefu. Tulikuwa wawili ndani ya nyumba, na nilisikia sauti moja tu, nayo haikuwa yangu wala yake, ilikuwa ya mvua juu ya bati.

Matokeo yalitoka. Nikachaguliwa kuendelea na masomo Biharamulo. Mama mdogo alinifungia karanga, akanisindikiza mpaka barabarani, akanishika mkono badala ya kunikumbatia.

Bwenini kulikuwa na sauti nyingi, kama nilivyokuwa nimeziota, na hakuna hata moja iliyokuwa ikinisemesha mimi. Nilivumilia muhula mmoja. Kisha nikamwandikia. Nilijaza kurasa nne. Nilieleza kuhusu nafuu ile ya njiani, kuhusu kucha za kijani, na kila mahali pa kusema mama mdogo niliandika mama. Nyamiaga barua zilipitia sanduku la parokia, na baada ya misa katekista alisoma majina ya waliopata, aitwaye akasimama na kwenda mbele kupokea. Nililijua hilo. Kwenye bahasha niliandika neno Mama na jina langu, kwa herufi kubwa zilizonyooka, nikimwona tayari akiinuka mbele ya kanisa zima.

Aliyenijibu ni fundi, kwa penseli.

"Barua yako imefika," aliandika. "Jina liliposomwa watu wote walimgeukia yeye, maana tunajua wewe ulikaa kwa nani. Hakusimama. Alitazama altare. Nje nikamwambia, shemeji, ile ni yako, kaichukue. Akasema, ile ni ya mwenzangu wa Ntobeye, imepotea njia, mpelekeeni mwenyewe. Basi katekista amempa mtu wa huko."

Mama yangu aliifungua, kwa kuwa jina lilikuwa lake. Hajui kusoma sana; nadhani mdogo wangu alimsomea, kurasa zote nne. Hakuwahi kunitajia. Likizo ilipofika nilimkuta uani na ungo wake, akanisogezea kigoda, akaniuliza kama Biharamulo kuna baridi.