Mbuzi wa Mama na Sahihi ya Nne

Mama alipoisikia ilani ya kaunti alicheka. Nilimsomea mara mbili, ya pili kwa sauti ya juu, na bado alicheka. Ilani ilisema anayefuga mbuzi katika makazi ya watu awafungie bandani, awe na kibali, na ili apate kibali alete sahihi za majirani wote wanaopakana naye. Afisa angerudi Ijumaa kabla ya Swala. Bila sahihi, mbuzi waondoke mtaani kwetu Mishomoroni.

"Wangu wakitoka, nami natoka nao," Mama akasema. "Mjomba wako ana shamba Jomvu Kuu. Nyumba nawaachia."

Hapo mimi sikucheka. Tangu baba afariki, Mama alikuwa akiamka kwa ajili ya wale mbuzi watatu. Aliwasalimia wao kabla yetu sisi, na mkubwa wao, mweupe mwenye sikio jeusi, alikuwa na mimba ya kukaribia kuzaa. Tena Mama si mtu wa kutishia. Akisema anaondoka, kesho yake utamkuta mlangoni na kapu mkononi.

Banda tulikuwa nalo, safi kuliko jikoni kwangu. Jumatano nikatoka na karatasi, moyo ukinidunda kwa furaha ya kushindana na serikali. Jirani wa kulia akatia sahihi. Wa kushoto akatia. Wa mbele akatia na kuniuliza mbona hao kaunti hawamfuati anayewasha muziki usiku kucha. Nikarudi nyumbani nikiipunga karatasi.

"Tatu!" nikamwambia Mama. "Bado wa nyuma."

"Nyuma kuna nani?"

Wallahi aliuliza hivyo. Ukuta wa nyuma ni mmoja, sisi huku na mtu kule, naye amekaa pale miaka sita. Lakini mlango wake unatazama kichochoro kingine, na kwa Mama jirani ni yule ambaye mlango wake unaonana na wako. Kila Ijumaa yeye hupeleka sahani za pilau zilizofunikwa kawa, nyumba hii na ile, huku akisema heri jirani wa karibu kuliko ndugu wa mbali. Harufu ya pilau ilikuwa ikivuka ukuta ule, na ya mbuzi vilevile. Sahani haikupata kuvuka.

Nikazunguka hadi kule, robo saa nzima kwa jinsi vichochoro vyetu vilivyopindapinda. Akanifungulia mwanamume wa makamo, mtu wa Kaloleni kwa lafudhi yake, msalaba mdogo ukutani nyuma yake. Akaisoma karatasi yote, akanirudishia.

"Dada, mimi ndiye niliyepeleka malalamiko," akasema. "Nitatiaje sahihi?"

Nikawaka. Nilimwambia maneno ambayo siyaandiki hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango polepole. Hasira hasara, na hasara yangu nilirudi nayo mkononi: karatasi yenye sahihi tatu.

Alhamisi Mama akaanza kufunga nguo zake. Adhuhuri yule mweupe akashikwa na uchungu. Mwanzoni tulifurahi. Lakini alasiri ikaadhiniwa na hakuna kitu, ila ukwato mmoja tu uliochungulia, na mbuzi analia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia. Mama alikuwa amepiga magoti, anasoma kila dua aijuayo. Daktari wa mifugo niliyempigia simu alikuwa Likoni, anangoja feri.

Ndipo sauti ikatoka juu ya ukuta.

"Mama! Huyo hazai, amekwama! Namsikia tangu saa saba!"

Yule jirani wa nyuma alikuwa amepanda ngazi. Akatupa gunia juu ya vigae vya chupa ambavyo marehemu baba alivipanga pale kuzuia wezi, akauvuka ukuta, akatua ndani ya ua wetu bila hodi.

"Shikamoo, mama. Nipeni sabuni na mafuta ya kupikia."

"Marahaba, mwanangu," Mama akasema, na mimi nikatoka mbio, kanga ikadondoka njiani nisiiokote.

Alinawa hadi viwikoni, akaingiza mkono taratibu, akafumba macho. Mguu mmoja umejikunja nyuma, akasema, lazima amrudishe ndani kwanza. Akasukuma, akatafuta, akavuta, na mtoto akateleza mikononi mwake akapiga chafya! Nikapiga kigelegele mpaka watoto wa nyumba ya mbele wakaja wakikimbia. Wa pili alitoka mwenyewe, bila kumsumbua mtu.

"Mimi nimekua na mbuzi," akasema akinawa. "Miaka sita nawasikia wenu wakizaa, najua sauti ya kila mmoja. Harufu ipo, mama, sisemi uongo. Lakini mtu huvumilia harufu ya nyumba anayoijua."

"Tuwie radhi," Mama akasema. Mimi nilitazama chini. Karatasi hatukuitaja sisi, jirani aliiomba mwenyewe.

Ijumaa afisa akaja, akakagua banda, akahesabu sahihi nne, akamwita Mama aje apokee kibali chake. Mama hakuitika. Alikuwa ameegemeza ngazi kwenye ukuta wa nyuma na kuipanda, na umri wake ule, sahani ya pilau mkono mmoja, na juu ya lile gunia alikuwa akiita kwa sauti yake yote: "Hodi! Hodi, jirani!"